Kitu Cheupe Kinachoporomoka kwa Kishindo

Wale mliozoea kuja hapa kusoma kuhusu Linux, hifadhidata na programu za simu, leo naomba mnivumilie. Leo ni historia. Lakini msikimbie, maana ni historia ya data: nani aliitoa, nani aliipokea, na nani aliikataa. Tena sehemu nzuri ya kisa chenyewe ilitokea huku kwetu Ukambani, si mbali na Machakos ninakoandikia.

Ukimuuliza mtu yeyote hatari ya maporomoko ya theluji iko wapi, atakutajia Uswisi, Nepal, labda Kanada. Hawezi kukutajia Kitui. Na kweli Kitui hakuna theluji, kuna jua na vumbi. Lakini mwaka 1849, Krapf akiwa katika safari yake ya Kitui, mtu mmoja kutoka Embu alimweleza hatari hiyo kwa maneno machache yaliyonyooka, na maneno yake yakaandikwa. Kisha London, kwenye wataalamu wenye ramani na vitabu, kukawa na msomi mashuhuri aliyeshikilia kwamba hata theluji yenyewe haipo.

Kwanza, theluji huporomoka vipi?

Wengi wetu tunaijua theluji kwa picha tu, kwa hiyo ngoja nieleze kidogo kabla hatujaingia kwenye historia.

Theluji mlimani haikai kama unga kwenye gunia. Inajipanga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina tabia ya siku lilipoanguka. Siku ya upepo huacha tabaka gumu. Siku ya baridi kali na anga tupu huacha chembe zisizoshikana, kama sukari. Mwanaprogramu afikirie faili ya kumbukumbu ambayo haifutwi kamwe, mistari mipya inaongezwa tu juu ya ile ya zamani. Hitilafu iliyoandikwa wiki tatu zilizopita bado iko mle chini, imefunikwa.

Sasa ukipata tabaka zito juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45, hapo mtego umeshategwa. Mteremko ukiwa mpole zaidi, theluji haiteleze. Ukiwa mkali zaidi, inamwagika kidogo kidogo kabla haijarundikana. Kinachofyatua mtego ni theluji mpya nyingi kwa muda mfupi, upepo, joto la ghafla, au uzito wa mtu mmoja anayepita. Ubamba mzima unakatika na kushuka. Aliyefukiwa ana takriban robo saa. Baada ya hapo uwezekano wa kumtoa akiwa hai unashuka haraka sana.

Ndiyo maana wanaopanda milima ya Ulaya na Marekani wakati wa baridi huvaa kifaa kidogo cha redio kifuani. Kinatuma mawimbi ya kilohezi 457 muda wote. Mmoja akifukiwa, wenzake hugeuza vifaa vyao kutoka kutuma hadi kupokea na kuanza kumtafuta. Hakuna intaneti, hakuna seva, hakuna neno la siri. Napenda sana teknolojia ya aina hii.

Lakini kifaa hicho ni cha baada ya ajali. Cha kabla ya ajali ni ripoti. Nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari tangu mwaka 1993, namba 1 hadi 5, na Uswisi wana kituo chao Davos ambacho kimekuwa kikitoa matangazo ya hatari tangu miaka ya 1940. Leo kuna vitambuzi na modeli za kompyuta, lakini bado kuna mtu anayekwenda mlimani, anachimba shimo kwenye theluji, anaangalia matabaka kwa macho yake, kisha anapeleka habari. Mfumo wote unasimama juu ya mtu huyo kuaminiwa. Mshike vizuri mtu huyo, maana ndiye nitakayemrudia.

Machame: taarifa ya ajali

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kuelekea Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa. Akaona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake alipoulizwa ule weupe ni nini, alijibu neno moja: baridi.

Jibu hilo limewahi kuchekwa, eti hakujua jina la theluji. Mimi naona ni jibu zuri kupita mengi. Maneno yetu ya "theluji" na "barafu" yote yalikuja na bahari, la kwanza kutoka Kiarabu na la pili kutoka upande wa Uajemi na Uhindi. Bwana Kheri hakutoa jina la kitu, alitoa tabia yake. Kwa mtu anayetaka kujua kama apande au asipande, tabia ina faida kuliko jina.

Na Wachaga walikuwa na habari kubwa kuliko hiyo. Wamisionari walisimuliwa kwamba zamani Rengua, mtawala wa Machame na baba yake Mamkinga, alituma kundi la watu wakachunguze kile kitu kinachong'aa kileleni. Alitumaini ni fedha. Katika wote waliopanda, alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Akaeleza jinsi wenzake walivyokufa, kwa baridi na kwa hofu, wakidhani wanashambuliwa na pepo, wakakimbia na kuingia kwenye baridi kali zaidi.

Isome tena kama mtu wa uokoaji. Kuna lengo la safari, kuna waliokufa, kuna chanzo cha vifo, kuna shahidi aliyenusurika na majeraha yanayolingana na maelezo yake. Hata hofu imeandikwa, na waokoaji wa milimani watakuambia kwamba hofu huua kweli, kwa sababu mtu hukimbia bila kuangalia anakokwenda. Kinachokosekana ni tarehe tu.

Kitui, Desemba 1849

Mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, yeye alielekea Ukambani. Alitoka Rabai mwezi Novemba 1849 na kufikia kwa mzee Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui ambaye misafara yake ilijulikana hadi pwani.

Kivoi hakushangazwa na habari ya mlima mweupe. Alimwambia Krapf kwamba alishafika Uchagani na kuuona. Krapf akaliandika jina la Kikamba kwa sikio la Kijerumani: "Kima jajeu". Mkamba yeyote akisoma kwa sauti ataligundua mara moja, kiima kyeu, mlima mweupe. (Matatizo ya kuandika lugha zetu kwa herufi za wageni hayakuanza na tarakilishi, ndugu zangu.) Kivoi akaongeza kwamba upo na mwingine upande wa Kikuyu, akautaja kwa jina ambalo Krapf aliliandika "Kegnia". Jina hilo leo liko kwenye kitambulisho chako kama wewe ni Mkenya.

Kwa siku kadhaa mawingu yalikataa kuondoka. Tarehe 3 Desemba 1849 yakafunguka, na Krapf akauona mlima kutoka Kitui, umbali wa takriban kilomita 160. Aliona vilele viwili vikubwa, akavifananisha na pembe, na juu yake weupe.

Halafu ndipo inapokuja ile taarifa niliyoanza nayo. Mtu wa Embu, anayeishi karibu na mlima, alimweleza Krapf kwamba watu wa kwao hawapandi mbali. Sababu ni mbili: baridi kali, na kile kitu cheupe ambacho huporomoka mlimani kwa kishindo kikubwa.

Hayo ni maporomoko ya theluji na barafu, yameelezwa na mtu anayeyasikia nyumbani kwake, miaka 50 kabla Mzungu yeyote hajafika kileleni. Tena si maelezo ya kustaajabisha wageni. Ni maelezo ya hatari pamoja na hatua iliyochukuliwa: huwa kinaporomoka, kwa hiyo hatuendi. Taarifa ya hatari ya Davos ina sehemu hizo hizo mbili.

Krapf alifanya jambo ambalo mhandisi yeyote angelifurahia. Hakuishia kwenye macho yake na maneno ya mashahidi, alitafuta ushahidi wa tatu usiotegemea ile miwili. Aliona kwamba mito mingi ya eneo hili hujaa wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi (tunaijua vizuri, tunachimba mchanga wake kutafuta maji), lakini mito inayotoka mlimani inatiririka mwaka mzima. Akahitimisha kwamba juu kuna akiba ya maji iliyoganda. Alikosea aliposhikilia kwamba huko ndiko chanzo cha Nile Nyeupe, lakini tusichanganye mambo. Data ilikuwa safi, kosa lilikuwa kwenye tafsiri.

Kivoi hakuishi kuona mwisho wa mjadala huu. Mwezi Agosti 1851, akisafiri na Krapf kuelekea mto Tana, walivamiwa na wanyang'anyi na Kivoi akauawa. Krapf aliponea chupuchupu.

Bwana Cooley na modeli yake

Habari zilifika Uingereza. Huko alikuwepo William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Mwaka 1852 alitoa kitabu chenye maana ya "Afrika ya Ndani Yafunuliwa", na ndani yake akaikataa theluji ya Rebmann na Krapf. Kwake yeye ilikuwa ni njozi ya macho.

Tumtendee haki. Cooley hakuwa mjinga, na wala hakudharau ushahidi wa mdomo kwa jumla. Kazi yake ya awali kuhusu ziwa Nyasa ilitegemea sana maelezo ya Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London. Tena kutilia shaka jambo geni ni sehemu ya elimu. Theluji ya kudumu karibu kabisa na Ikweta ni dai kubwa.

Tatizo lake lilikuwa mpangilio. Alikuwa na modeli kichwani: Ikweta ni joto, kwa hiyo theluji haiwezekani. Data mpya ilipokuja na kugongana na modeli, alirekebisha data. Rebmann aliona? Macho yake yalimdanganya. Krapf naye aliona? Basi naye pia. Mtu aliyerudi Machame na viungo vilivyoharibiwa na baridi? Hadithi za wenyeji. Kila shahidi alipingwa peke yake, na hakuna siku walipojumlishwa wote pamoja. Kimo cha mlima, ambacho kingeelezea baridi yote ile, hakikupewa uzito.

Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi takriban mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Decken nishani ya dhahabu mwaka 1864. Cooley hakubadilika.

Mlima Kenya ulingoja zaidi. Joseph Thomson aliuthibitisha mwaka 1883, Teleki akapanda sehemu mwaka 1887, John Walter Gregory akafika kwenye barafu ya Lewis mwaka 1893, na Halford Mackinder akafika kilele cha Batian, mita 5,199, tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waongozaji César Ollier na Joseph Brocherel kutoka milima ya Alpi. Kutoka siku ya Krapf ni karibu nusu karne. Wote hao walikuwa wakithibitisha jambo ambalo Kivoi alilizungumza kama habari ya kawaida.

Mlima wenyewe ukoje

Kuna wasomaji watauliza, je, yale maporomoko yapo mpaka leo? Jibu linahitaji kuuelewa mlima wetu, kwa sababu hauendi kama Alpi.

Kwenye Alpi majira ya baridi hudumu miezi, na matabaka yanarundikana. Mlima Kenya uko karibu kabisa na Ikweta. Huko juu kila mchana ni kama kiangazi na kila usiku ni kama majira ya baridi. Theluji huyeyuka na kuganda tena kila siku, kwa hiyo hushikana au huondoka haraka, na ule mtego wa matabaka haukui kirahisi kama kule. Hatari kubwa ni mapande ya barafu yanayokatika, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu usiku kisha jua likawaachia. Ndiyo sababu wapandaji wa sehemu ngumu huondoka gizani na kutaka kuwa wamemaliza kabla jua halijapata nguvu.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha sana: misimu ya mlima inabadilishana pande. Kati ya Juni na Septemba jua liko kaskazini, kwa hiyo uso wa kaskazini unakauka na uso wa kusini unashika barafu. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kinyume. Mlima mmoja, hali mbili kwa wakati mmoja. Ukiandika programu ya kutoa hali ya Mlima Kenya kwa namba moja, umeshakosea kabla hujaanza.

Mwezi Oktoba 1973, Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walipanda kwa mara ya kwanza ule mfereji maarufu wa barafu unaoitwa Diamond Couloir. Leo mfereji huo haupandiki kama zamani, sehemu yake ya chini imeyeyuka. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima ulikuwa na barafu 18. Nyingi hazipo tena. Lewis, ile ya Gregory, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na mwaka 2014 ikagawanyika vipande viwili. Kile kitu cheupe cha mtu wa Embu kinakwisha.

Lakini barafu kuisha si hatari kuisha. Tarehe 4 Januari 2006, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kwenye njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ikafungwa kwa muda. Barafu ikishika mawe ni kama gundi. Gundi ikiyeyuka, mawe hubaki yakingoja.

Kutoka theluji hadi udongo

Huku chini tunakoishi wengi, kinachoporomoka ni udongo. Kanuni inafanana kwa kiasi kikubwa: mteremko, tabaka zito juu ya tabaka dhaifu, na maji yanayofyatua. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, Bududa, kwenye miteremko ya mlima Elgon nchini Uganda, kilifukiwa. Mamia walikufa au hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, Pokot Magharibi, udongo uliteremka juu ya vijiji vya Nyarkulian, Parua na Tamkal, na zaidi ya watu 40 wakafa.

Dalili za udongo kutaka kuondoka zinajulikana, na wa kwanza kuziona ni wakazi: nyufa mpya ardhini, miti na nguzo kuinama, chemchemi kubadilika ghafla kuwa tope au kukauka, milio kutoka ndani ya mlima. Hakuna setilaiti inayoziona mapema kuliko mama anayeteka maji kwenye chemchemi hiyo kila asubuhi.

Linganisha na Blatten, Uswisi. Mwezi Mei 2025 mlima juu ya kijiji hicho ulianza kusogea. Watu wapatao 300 waliondolewa tarehe 19. Tarehe 28 barafu na mawe vikashuka na kukizika kijiji karibu chote. Alikufa mtu mmoja. Vifaa vya kupimia vilisaidia sana, sikatai. Lakini vifaa vingekuwa bure kama ripoti ingefika kwa Cooley.

Kwa nini haya yako kwenye blogu ya teknolojia

Kwa sababu siku hizi sisi ndio tunaojenga njia ya kupitishia onyo. Kila msimu wa mvua ndefu unazalisha mawazo mapya ya programu za tahadhari, na mengi yanaanza na vitambuzi na ramani. Ni vizuri. Lakini angalia fomu tunazozitengeneza. Tunamlazimisha mtu achague kutoka orodha ya maneno tuliyoyaandika sisi ofisini, tena mara nyingi si kwa lugha yake. Akisema "baridi", fomu inamjibu kwamba chaguo hilo halipo. Akisema "mlima unalia", hakuna kisanduku. Bila kukusudia tumemweka Cooley ndani ya programu, na yuko kazini saa 24.

Ushauri wangu kwa wanaprogramu wenzangu ni wa kawaida tu. Wekeni nafasi ya maneno huru, na ya sauti, kwa lugha ya nyumbani. Hifadhini maneno yenyewe kama yalivyosemwa, tafsiri ikae pembeni. Kama Krapf asingeandika "Kima jajeu" kama alivyolisikia, leo tusingeweza kulirudisha kwenye Kikamba. Jumlisheni mashahidi badala ya kuwapinga mmoja mmoja. Na ripoti ikigongana na modeli, isifutwe. Itumwe kwa mtu aliye karibu akaangalie.

Asubuhi isiyo na mawingu, ukipanda Kilimambogo hapa kaunti ya Machakos, unaweza kuiona milima yote miwili, Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Yule Mwembu alichotaka kumwambia mgeni wake ni kitu rahisi: ukienda kule, sikiliza kishindo. Ilikuwa data tosha.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, kama nilivyoahidi. Siku njema.